Jicho la Kushoto la Mwalimu

Kila Ijumaa saa nne asubuhi Mwalimu wetu wa macho aliingia darasani na kitunguu kwenye mfuko wa koti. Alikiweka mezani, akatoa kisu kidogo cha kukunja, akakikata chini ya pua yake mwenyewe huku sisi tukimtazama. Machozi yakishamtoka, anasogea dirishani penye mwanga, anavuta kope la chini kwa kidole na kusema, "Njooni mwone. Mmoja mmoja, msisukumane. Weupe umekwenda wapi?" Tunapita mbele yake kwa mstari kama waumini wanaopeleka sadaka. Ule weupe ulikuwa umejaa vijishipa vyekundu ambavyo dakika mbili kabla hakuna aliyeviona.

"Hivi vijishipa havijaletwa na kitunguu," anasema. "Vilikuwepo tangu asubuhi, ila vilikuwa vimebanwa. Kitunguu kimeichoma neva, neva imepeleka habari, mishipa imeachiwa, damu imejaa. Kwa hiyo ukiona jicho jekundu usiulize damu imetoka wapi. Uliza nani ameachia."

Nilisoma kwake miaka mitatu katika chuo cha afya pale Iringa, kisha nikafanya naye kazi kliniki miaka minne kabla sijahamia Mbeya. Simtaji jina kwa sababu hata sisi hatukumwita jina. Alikuwa Mwalimu, basi. Naandika habari zake kwa kuwa jicho lake la kushoto lilionyesha jambo, nami nikaliona, nikalielewa, na sikumwambia kwa mdomo wangu. Ningesema siku ile, huenda madaktari wa kifua wangemkuta mapema. Hilo ndilo ninalolibeba, na sitazunguka mbuyu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kabisa. Koti lake la kijivu lilivaliwa Juni kwa sababu ya baridi na Oktoba kwa sababu ya mazoea. Aliweza kushona kope la mtoto anayelia bila mkono kutetemeka, lakini kuku wa nyumbani kwake alichinjwa na jirani, yeye akiwa amejificha ndani na redio imefunguliwa kwa sauti. Tukimcheka anasema, "Kuku hajanipa ruhusa. Mgonjwa amenipa."

Kitunguu kiliwahi kumletea balaa. Ulikuwa msimu wa mvua, wakati ulanzi, pombe ya mianzi, unafurika mpaka watu wanagawiana bure, na kuna aliyempelekea mkuu wa chuo maneno kwamba Mwalimu wa macho anafundisha akiwa amelewa, macho kama pilipili. Mwalimu hakuwahi kuonja hata togwa lililolala siku mbili. Alipoitwa ofisini hakujitetea. Alitoa kitunguu mfukoni, akakikata juu ya faili za mkuu, na baada ya muda mfupi mkuu mwenyewe alikuwa anafuta machozi. "Na wewe umekunywa wapi, mkuu?" Kesi ikaishia hapo.

Jambo lililomkera kuliko yote ni sisi kutazama chini. Mimi ni mtoto wa Kilolo. Nyumbani kwetu mtoto akisalimia mkubwa anapiga goti, anasema kamwene, na macho yake yanakaa kwenye miguu ya yule mkubwa mpaka aruhusiwe kuondoka. Kumkazia macho mzee ni utovu wa adabu, na mama yangu alikuwa na fimbo ya kulifundisha hilo. Nikaenda nalo chuoni.

"Wewe binti wa Kilolo, mbona unaangalia sakafu? Umedondosha sindano?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi niangalie. Mgonjwa hana macho miguuni."

Darasa likacheka. Mimi nikazidi kuinama. Akanipa adhabu ambayo wengine waliiona upendeleo: kila asubuhi kabla ya kipindi nisimame mbele yake na tochi, nimpime mboni zote mbili, nitaje upana kwa milimita. Nilifanya hivyo muhula mzima. Ndipo nilipogundua kitu kuhusu nafsi yangu ambacho sijakipenda mpaka leo. Nikiwa na tochi mkononi niliweza kumtazama, kwa sababu nilikuwa natazama jicho. Tochi ikirudi mfukoni, mbele yangu palikuwa na mzee, na macho yangu yalishuka yenyewe.

"Heshima si utumwa," alikuwa akiniambia, "lakini isiwe upofu pia."

Ukimsikiliza ungedhani ni mtu aliyekwisha kuzitupa mila zote jalalani. Kumbe siku moja mkwewe, mama mzazi wa mke wake, aliletwa kliniki jicho linamuuma. Mwalimu alipoona kitenge chake tu mlangoni alitoka kwa mlango wa nyuma kama mtu anayedaiwa. Kwao mkwe hatazamwi usoni, seuze kuvutwa kope. Kliniki nzima hakukuwa na mwingine wa kumpima ila yeye na mimi mwanafunzi wake. Akasimama upande wa pili wa pazia la kijani, akaninong'oneza maswali.

"Kope la juu?"

"Liko sawa, Mwalimu."

"Mboni?"

"Zinalingana. Zote zinaitika mwanga."

"Wekundu uko wapi, pembeni au umezunguka kioo cha mbele?"

"Umezunguka, Mwalimu."

Akaandika dawa kwa kufuata maneno yangu matupu, karatasi ikapitishwa chini ya pazia. Bibi akapona. Mwalimu hakuwahi kwenda kuhakikisha. Nilichosema ndicho alichokishika. Jioni ile nilimuuliza kwa utani mbona leo hajaangalia mwenyewe. Akajibu, "Nilikuwa na macho yako," akabadilisha mazungumzo. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Somo lake alilolipenda hakulifundishia darasani. Alikuwa na vinyungu bondeni, zile bustani za kiangazi ambazo kwetu watu hulima kando ya maji, na Jumamosi alitualika tukavune maharage mabichi. Hapo katikati ya matuta ndipo alipotufundisha neva za mishipa ya damu ya jicho. Alifungua mfereji kwa jembe, maji yakaingia. Akaziba kwa udongo, yakakatika.

"Damu ndiyo maji," alisema. "Neva ndiye mtu mwenye jembe. Wako wa aina mbili: mmoja kazi yake kubana, mwingine kazi yake kuachia. Sasa huyu wa kubana ana safari ndefu. Anatoka kichwani, anashuka mgongoni mpaka usawa wa kifua, anapita juu kabisa ya pafu, ndipo anapanda tena shingoni kwenda kwenye jicho."

"Mbona anazunguka hivyo, Mwalimu?" mtu aliuliza. "Si angekwenda moja kwa moja?"

"Muulize Mungu. Mimi nimemkuta anapita huko." Akaegemea jembe. "Lakini kwa ajili ya mzunguko huo sisi tunaokoa watu. Kitu kikimbana njiani, jicho la upande ule linaonyesha. Kope linalegea kidogo. Mboni inakuwa ndogo kuliko mwenzake. Weupe unaiva, kwa sababu wa kubana mishipa hayupo tena. Uso upande ule haupati jasho. Haumwi jicho, anaona vizuri, atakwambia ni usingizi. Ukimpa dawa ya jicho umemuua. Mpeleke akapige picha ya kifua. Mmenisikia? Kifua!"

Tulisikia. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote.

Akaendelea kutueleza kwamba ndani kabisa, kwenye retina, hao wenye majembe hawaingii. Mishipa ya kule haina neva ya kuiamuru. Inajipima yenyewe, sehemu yenye kiu inafungua, iliyoshiba inafunga. Hilo lilimfurahisha kila mara kama mtu aliyelisikia jana. "Mimi nyumbani kwangu nataka tuishi kama retina," alisema, "kila mtu ajitawale." Mke wake, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, akaangua kicheko. "Wewe? Wewe unayeonja chumvi ya mboga kabla mimi sijaepua?"

Ndivyo alivyokuwa, maneno upande huu na mikono upande ule. Chukua habari ya dawa ya kung'arisha macho, ile ya matone inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Darasani aliilaani. Alisema dawa ile inaibana mishipa kwa nguvu na kuigiza kazi ya neva, na nguvu yake ikiisha mishipa inafunguka zaidi ya mwanzo, kwa hiyo mtu anaongeza tone, na jicho linazidi kuiva. Mwanafunzi aliyekutwa nayo alifukuzwa kipindi. Halafu tulipokwenda Usangu na gari la kliniki nikamwona kwa macho yangu akiitoa kwenye mkoba wake mwenyewe.

Alimpa bibi mmoja wa jamii ya wafugaji waliohamia kule tambarare kutoka kaskazini. Bibi alikuwa amepikia jiko la moshi maisha yake yote, macho yake mekundu hayakuwa na ugonjwa mwingine. Lakini mtoto wa jirani alikuwa amekufa wiki ile, na watu walikuwa wameanza kunong'ona na kuyataja macho ya bibi kuwa ya mchawi. Kesho yake palikuwa na mkutano wa kijiji.

"Mimi moshi tu, baba," alisema. "Miaka yote moshi. Leo wananiangalia vingine."

Mwalimu alimkabidhi kichupa, akamwelekeza: tone moja kila jicho kesho asubuhi kabla ya mkutano, basi, asizoee. Kisha akamfuata mwenyekiti wa kijiji na kukaa naye saa nzima chini ya bati la ofisi, akamweleza moshi unavyofanya jicho. Ndani ya gari nilimkumbusha alivyotufundisha. "Wale wanaomwangalia ndio wagonjwa," akasema. "Sina dawa yao. Nimempa yeye siku moja."

Nimeyasema haya yote ili ionekane ni mtu wa namna gani niliyemsalimia Ipogolo mwezi wa nne mwaka jana.

Nilikuwa natoka Iyunga, ninakoishi huko Mbeya, naenda nyumbani kwa ajili ya Pasaka. Basi la Dar likaniacha pale Ipogolo kwenye barabara kuu, saa saba mchana, nitafute bajaji ya kupanda mjini. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha banda la wauza vitunguu na mzee mmoja wa kanisa kutoka usharika wao wa Kihesa, wanamsubiri mgeni wa kwaya. Alikuwa amestaafu miaka miwili. Nikapiga goti pale pale kwenye vumbi.

"Kamwene, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba! Binti wa Kilolo! Bado unaangalia chini tu?"

Nikacheka, nikainua uso nusu, na kwa hiyo nusu nikaona yote. Kope la kushoto lilikuwa limeshuka. Weupe wa jicho lile ulikuwa umeiva, wa kulia ukiwa safi. Pale kivulini mboni ya kulia ilikuwa imepanuka kidogo kama inavyopaswa, ya kushoto ilibaki ndogo kama punje ya ulezi. Alivua kofia ajipepee, na jasho lilikuwa upande mmoja tu wa paji lake. Upande wa kushoto ulikuwa mkavu kabisa. Kisha akajishika bega la kushoto na kusema jembe limeanza kumlipiza kisasi, anachua kila jioni lakini maumivu yanashuka mpaka mkononi.

Nilijua. Nataka nieleweke: sikushuku, nilijua. Maneno yalinijia mdomoni, na sikuyasema. Ningemwambiaje mzee aliyenifundisha, barabarani, mbele ya mwenzake, mimi nimepiga goti, kwamba kifuani mwake kuna kitu kinachoweza kumuua? Kwetu habari ya namna hiyo mtoto hampelekei mzazi. Anamtafuta mtu wa rika la mzazi, naye ndiye anayejua aanzie wapi. Nilijiambia kumwambia mwenyewe ni kumvua nguo. Nilikuwa na namba yake ya simu, nilikuwa nimemwona mwenyewe uso kwa uso, na bado nikatafuta mjumbe.

Mgeni alipofika na Mwalimu akaenda kumpokea mzigo, nikamvuta mzee wa kanisa pembeni.

"Baba, naomba unisaidie. Mwambie Mwalimu aende akapige picha ya kifua. Wiki hii hii. Jicho lake la kushoto si zima, na tatizo linatoka kifuani."

"Kifuani?"

"Ndiyo, baba. Yeye ataelewa, wewe mwambie tu kifua. Mwambie nimesema mimi."

Mzee akaniweka mkono begani. "Nimekusikia, mwanangu. Mambo kama haya yana njia yake. Niachie mimi, mjumbe hauawi."

Nikapanda bajaji moyo mwepesi. Hata nilijisifu kwamba nimetimiza udaktari na adabu kwa mkupuo mmoja. Wiki mbili baadaye nilimpigia yule mzee, akaniambia amefikisha na Mwalimu ameshukuru sana. Nikauliza, "Amekwenda?" Akasema, "Amepokea vizuri, mama, usiwe na wasiwasi." Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na wagonjwa foleni, nilikuwa na mambo yangu, na nadhani pia niliogopa jibu. Ningeweza kumpigia Mwalimu siku yoyote ile. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Nilimtumia salamu za Sikukuu ya Wakulima kwenye simu, akanijibu kwa picha ya maharage yake.

Mwezi wa kumi na moja mke wake akanipigia. Alisema Mwalimu anaumwa, wamepata uvimbe juu ya pafu la kushoto, madaktari wamesema umeshashika mifupa na hawawezi kuuondoa. "Anakutaja wewe. Njoo, mwanangu."

Nilimkuta Kihesa, sebuleni, kwenye kiti cha mbao chenye mito mingi, mkono wa kushoto umelala mapajani kama si wake. Koti lilikuwa lilelile lakini aliyekuwa ndani yake alikuwa amepungua nusu. Nilipotaka kupiga goti akaniambia nisipoteze muda, nivute stuli, nifunge pazia na nimpime.

Nikampima. Mkono wake wa kulia ulinishika kiwiko muda wote. Nikataja kope, nikataja mboni ya kulia na ya kushoto, nikataja wekundu. Aliitikia kwa kichwa kila kimoja, ameridhika, kama siku za darasani. Kisha akauliza.

"Siku ile Ipogolo uliyaona haya?"

"Niliyaona, Mwalimu."

"Yote?"

"Yote. Hata jasho."

Mke wake alikuwa ameingia na chai. Akabaki amesimama na sinia.

"Nilimtuma mzee wa kanisa," nikasema. "Nilimwambia picha ya kifua. Nilimwambia wiki hii hii. Sikuweza kukuambia mwenyewe, Mwalimu. Nisamehe. Nilishindwa."

Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Alikuwa anapanga mambo kichwani, moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akisikiliza maelezo ya mgonjwa.

"Yule mzee ana huruma," akasema hatimaye. "Aliogopa kunitisha. Aliniambia, 'Yule binti wako anakusalimia, anasema upumzishe macho.'"

Nilimwangalia, na safari hii macho yangu hayakushuka.

"Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka," akaendelea. "Mimi nilikuwa nimeshajiona kwenye kioo, nanyoa ndevu. Nilikuwa nimevaa viatu, nakwenda kupiga hiyo picha. Mzee akanikuta mlangoni na ujumbe wako. Nikasema moyoni, kama ingekuwa kifua, yule binti angeona." Akavuta pumzi kidogo, maana nyingi hazikuvutika. "Nikavua viatu."